Matroni Anaiacha Wodi

Kosa la wengi wetu ni hili: jaribio likishindwa, tunaliendesha tena. Likishindwa tena, tunakwenda kunywa chai, tunarudi, tunaliendesha mara nyingine. Likipita, tunashangilia. Aliyetukomesha tabia hiyo anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita katika chumba chetu cha ghorofa ya pili. Jina lake la kwenye mshahara wanalijua wachache. Sisi tunamwita Matroni.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, nieleze kidogo. Sisi hutengeneza chombo kinachokusanya msimbo ulioandikwa na watu wengi na kuuunganisha uwe programu moja. Chombo kikikosea, hata mwandishi hodari ataonekana mzembe. Kwa hiyo kila tunapokibadilisha, kompyuta hukipitisha yenyewe kwenye majaribio, yaani programu ndogo zinazokagua kama bado kinafanya kazi sawasawa.

Matroni alipofika, majaribio yalirundikwa kama mitumba kwenye turubai: mafupi, marefu, mazima, mabovu. Moja liliacha mafaili yake ovyo, jingine likajikwaa juu yake. Alianza na usafi: kila jaribio na folda yake, na likimaliza lifagie lilipokaa. Kisha akatanguliza ya haraka, mazito yakafuata, ili aliyekosea jambo dogo ajue kabla chai yake haijapoa.

Lakini kazi yake kubwa ni Wodi. Hiyo ni folda ya majaribio yanayopita leo na kushindwa kesho bila kuguswa na mtu. Jaribio likianza kuyumba, hulazwa humo, na juu yake huandikwa jina la mtu mmoja wa kuliuguza. Haliruhusiwi kutoka mpaka ugonjwa ujulikane.

Siku moja mkuu wa mauzo alisimama mlangoni akilalamika kwamba toleo jipya linazuiwa na jaribio moja tu lililolazwa Wodini, tena jana lilipita. Matroni alimvutia kiti. "Kaa, ndugu yangu. Homa haipimwi tena na tena mpaka kipimo kikubaliane nawe."

"Wateja hawanunui vipimo, Matroni!"

"Basi wasubiri dawa."

Juma halikuisha, ugonjwa ukaonekana: vipande viwili vikiunganishwa kwa wakati mmoja, chombo kilichukua kipande cha zamani na kukiita kipya. Wateja wangerudishiwa makosa waliyokwisha kuyasahihisha. Tangu hapo mkuu wa mauzo haahidi tarehe kabla ya kupiga simu na kuuliza, "Wodini hali ikoje?"

Mumewe, fundi cherehani, anasema nyumbani nako ni vilevile: redio ikikwaruza, marufuku kuipiga kofi. Sharti ifunguliwe.

Matroni, asante kwa kutufundisha kutoogopa rangi nyekundu ya jaribio lililoshindwa kwenye skrini. Nenda ukapumzike na mzee wako na wajukuu. Usingizi uwe mtamu, na afya yako isihitaji wodi yoyote.

Wodini amebaki mgonjwa mmoja, mkaidi kweli, na juu yake bado kuna jina la Matroni. Mwezi ujao jina hilo halitamuuguza mtu. Jaribio lisilo na mwuguzi husahaulika, na Wodi iliyosahaulika hugeuka makaburi. Basi wewe wa ghorofa ya pili unayesoma haya: leo, kabla hujazima kompyuta, fungua Wodi, futa jina lake, andika lako.