Mwenye Kigugumizi Kwenye Ubao wa Simu

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu, sasa hivi na hata nitakapomaliza kusoma, maana huenda tukachukua muda. Mzee wetu wa kanisa aliniomba niandike ushuhuda huu ili ausome yeye, kwa kunihurumia. Nimemshukuru, na nimekataa. Mtaona kwa nini.

Wengi wenu mnanijua kwa makala zangu. Nimesoma mpaka chuo kikuu, ambako nilijifunza maneno mengi marefu nisiyoweza kuyatamka. Nina kigugumizi tangu utoto wangu kule Rungwe. Maneno yanayoanza na M ndiyo yaliyonitesa kuliko yote: midomo hufungana kama mlango uliovimba kwa mvua, nami hubaki nyuma yake nikisukuma. Kwa hiyo nilikuwa hodari wa kukwepa. Mkahawani sikuagiza maziwa. Nilikunywa chai ya rangi, na watu wakaamini ndiyo niipendayo. Mwalimu nilimwita "bwana". Nilijua njia za kuzunguka kila neno, kama mtu anayekwepa nyumba ya anayemdai.

Sasa, ndugu zangu, sikieni nilikotupwa. Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa mwanafunzi wa shule ya ufundi, na kabla ya kupewa cheti ilitupasa kufanya kazi mwaka mzima chini ya mafundi. Wenzangu walipelekwa gereji na viwanda vya mbao. Mimi nilipangiwa simu. Nilifurahi sana, kwa kuwa nilipenda nyaya na betri, na sikufikiria kwamba mwisho wa waya kuna mtu anayetaka kujibiwa. Nilipofika nikakuta nusu ya kazi yangu ni kukaa ndani, mbele ya ubao wa simu, na neno la kwanza la kumjibu kila anayepiga lilikuwa ni jina la mji. Na mji wenyewe ulikuwa Mbeya.

Vijana mliokuta simu za kujipigia hamwezi kuujua ubao ule. Ulikuwa na matundu mengi, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha shaba. Mtu akizungusha simu yake dukani au hospitalini, kifuniko chake kinadondoka, nawe unachomeka waya, unamwuliza anamtaka nani, unamwunganisha. Akimtaka mtu wa Iringa, unaita Iringa kwanza. Jina la mji mtu halikwepi. Nilijaribu kusema "Simu hapa," na mfanyabiashara mmoja akanijibu, "Najua ni simu, nimeishika mkononi. Ni ya wapi?"

Kazini nilikuwa na watu wawili. Msimamizi wetu, Bwana Pinto, Mgoa mpole mwenye koti la sufu, hakupata kunipazia sauti. Mwenzangu Anyosisye, mtu wa kwetu, alikuwa na moyo mwema kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Na hao ndio walionimaliza! Nikianza neno, Anyosisye analimalizia. Nikisema "Ninao-", yeye: "Unaomba ruhusa? Nenda tu." Nilikuwa naomba bisibisi. Nilikwenda nje nikasimama kidogo, nikarudi, ili nisimwaibishe.

Kanisani nako waliniombea. Siwacheki, maana walinipenda. Waliniwekea mikono, wakaukemea ulimi wangu kwa nguvu, kisha wakaniambia niseme "Amina" kwa imani. Walionizunguka walianza wimbo wa kutoa sadaka, sadaka ikakusanywa, ndipo "Amina" ikatoka.

Mtu mmoja tu hakunihurumia. Alikuwa Shabani, aliyekaa kwenye ubao wa Iringa. Wakati ule sikuwa nimewahi kumwona, nilijua tu kwamba ni Mwislamu, wazazi wake walitoka pwani, na kwamba siku ya kwanza aliponisikia nikihangaika alitangaza kuwa yeye ni babu yangu, ili apate haki ya kunitania.

"Mjukuu," alisema, "mwingine akinyamaza najua waya umekatika. Wewe ukinyamaza nasikia unavyotokwa na jasho. Haya, endelea. Babu yako ana chai hapa."

Na alisubiri, ndugu zangu. Alinitania kabla sijaanza, akanitania nilipomaliza, lakini katikati hakusema kitu. Hakuwahi kunimalizia neno hata moja. Sikulitambua hilo wakati ule. Nilidhani ni mtu asiye na adabu.

Siku moja mchana, simu zilipokuwa chache, aliniuliza, "Jumapili huwa unafanya nini kanisani kwenu?"

Nikamwambia, kwa shida, kwamba naimba besi katika kwaya.

"Ukiimba unakwama?"

"Hapana."

"Basi niimbie hiyo namba unayotaka. Sina ubaguzi wa dini kwenye namba."

Nilitazama huku na huku. Ukutani kulikuwa na picha ya Malkia, na niliona kama amekunja uso. Nikachukua tuni ya besi ya wimbo mmoja wa mavuno na kuiweka chini ya maneno yangu: jina la mji, namba, jina la mtu anayetakiwa. Yote yakatoka yamenyooka kama mstari wa rula. Anyosisye alipaliwa na chai. Bwana Pinto akatoka chumbani kwake.

"Kijana," akasema kwa upole uleule, "hii ni ofisi. Si kanisa."

Wiki ile aliniita. Alikuwa amefikiri sana juu yangu, akasema, na aliona si haki kunitesa. Mwisho wa mwezi ningejiunga na kikosi cha wachimba mashimo ya nguzo, nimalizie mwaka wangu huko. Hakuna aibu katika kuchimba mashimo. Baba yangu alichimba mengi ya kahawa. Lakini cheti cha ubao nisingekipata, na bila hicho shule isingenikubali mwaka wa mwisho. Nilitaka kumwambia hayo. Nilifika "Mi-" tu, naye akanigusa bega akasema, "Najua, unashukuru."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofika chini kabisa. Si kwa sababu ya ulimi. Ni kwa sababu niliona kwamba maisha yangu yote yatasemwa na watu wengine, tena watu wema, na kila mara watakosea. Nilimwomba Mungu jioni ile, na sikuomba kwa maneno. Nilikaa tu kitandani na sweta langu.

Kisha zikaja mvua, zile za kwetu ambazo humfanya mtu asahau rangi ya milima. Asubuhi moja dereva wa lori aliingia ofisini na matope mpaka kiunoni. Alikuwa amegeukia njiani na kurudi. Daraja moja la Usangu lilikuwa limechukuliwa na maji, na basi la kuja Mbeya lilikuwa karibu kuondoka Iringa, limejaa watu. Sitaki kujipamba: dereva wa basi alikuwa na macho, asingetumbukia mtoni. Lakini wangekwama nyikani siku kadhaa, wazee na watoto wachanga, bila chakula wala mahali pakavu.

Anyosisye akaita Iringa. Waya ulikuwa unachemka kama kikaango. Akapiga kelele, "Daraja! Zuia basi!" Upande wa pili Shabani akajibu, "Nani kaja?" Bwana Pinto akachukua vyombo vya masikioni, naye akapiga kelele mpaka koti likafunguka vifungo. Maneno yao mafupi yalimezwa na mvua yote. Halafu tukasikia sauti ya Shabani, mbali sana, akirudia jambo moja: "Mpeni mjukuu. Mjukuu aimbe."

Bwana Pinto alinitazama. Akavua vile vyombo akanipa.

Nikasimama. Nikavuta pumzi ya besi, nikaimba polepole, kila silabi nikiivuta mpaka ipenye: daraja la Usangu limevunjika, zuia basi la Mbeya. Nikarudia ubeti. Dirishani, upande wa posta tuliyokuwa nayo jengo moja, kwenye foleni ya stempu, mama mmoja akasema "Haleluya" kwa kudhani ni ibada. Nikanyamaza kusikiliza. Na kutoka Iringa, ndugu zangu, sauti ikarudi ikiimba, kwa tuni ya kaswida, ndefu na tamu: nimesikia mjukuu wangu, basi halijaondoka, nakwenda kulizuia mwenyewe.

Bwana Pinto alifunga vifungo vyake. Kabla ya kuingia chumbani kwake akasema, "Kwa siku za mvua tu." Nanyi mnajua mvua ya Mbeya. Habari ya mashimo haikutajwa tena, na nilimaliza mwaka wangu nikiwa palepale kwenye ubao.

Nikiwa narudi shuleni, basi lilisimama Iringa, nami nikakimbia mpaka ofisi ya simu. Kwenye ubao nilimkuta mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, ile ya pwani iliyodariziwa, anakula mhogo wa kukaanga. Nikataka kumwambia mimi ni nani. Hapakuwa na waya wala mvua, nikaona aibu kuimba mbele ya watu, na midomo ikafungana. Watu waliokuwapo wakainamisha macho. Yeye aliweka mhogo chini, akafuta vidole, akanitazama usoni na kusubiri, mpaka nikafika mwisho wa sentensi yangu mimi mwenyewe.

Huo ndio wokovu ninaoushuhudia. Wapo walioponywa ulimi, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Mimi sikuponywa, kama mlivyosikia kwa masikio yenu asubuhi hii. Nilichoondolewa ni hofu. Nilijua kwamba Mungu hunisikiliza hivyo hivyo: hana haraka, wala hanimalizii maneno yangu kwa kubahatisha. Nilimjua kupitia mtu asiyesali nami, na sijaona sababu ya kulificha hilo.

Basi kama yupo hapa mmoja ambaye miaka yote amekaa benchi la nyuma na neno lake kooni, kwa kigugumizi au kwa aibu au kwa jambo alijualo mwenyewe, namkaribisha. Aje mbele, aanze popote anapoweza. Tumekaa, na tutasubiri.