Kigoda cha Miguu Miwili: Kumuaga Fundi Polikarp

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1914, Fundi Polikarp anaweka chini rula yake baada ya miaka kumi na mitano ya kufundisha uchoraji wa kifundi katika karakana yetu hapa Songea. Mimi, Edmund, nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake, na kwa sababu kuanzia Julai napewa darasa lake. Kuandika nimekubali kwa furaha. Hilo la darasa sijalijibu bado, na Bwana Mkuu wa shule anataka jibu kabla sherehe hii haijaisha.

Fundi alifika kutoka pwani mwaka 1899, kwa miguu, na sanduku la bikari, rula na kalamu za risasi kichwani. Hakukubali mpagazi yeyote alishike. Akamwoa Bibi Lidwina wa Madaba, akajenga, akajifunza Kingoni ambacho mpaka leo kinawachekesha wakwe zake.

Utaratibu wake darasani ulitutesa. Ukimaliza mchoro, kabla yeye hajautazama, sharti uandike chini yake unavyojiona: "Naweza" au "Siwezi". Hakuwahi kutuambia lipi analitaka. Aliyeandika "Naweza" alitumwa kunoa msumeno. Aliyeandika "Siwezi" naye alitumwa kunoa msumeno. Misumeno yetu ilikuwa mikali sana, ila sisi wenyewe tulikuwa hatuelewi kitu.

Mimi nilikuwa mtu wa "Naweza sana". Mwaka 1903 Fundi alitupa mchoro wa kigoda unaoonyesha ubavu mmoja tu, akatuambia tukitengeneze. Niliona miguu miwili, nikachonga miwili. Msinicheke upesi. Siku zile karatasi iliyotoka kwa Wadachi ilifuatwa kama ilivyo, na baba yangu alikuwa ameshakula viboko bomani kwa kuibishia mojawapo. Ningethubutuje kuiongezea karatasi mguu?

Fundi alikitazama kigoda kwa heshima zote. "Haya, bwana fundi, keti."

"Umechora miguu miwili, Fundi. Nami nimefuata."

"Keti basi, mwanangu."

Nikaketi. Wenzangu walicheka mpaka kengele ya mchana, na kigoda kile Fundi akakitundika ukutani.

Kajetani, jirani yangu wa benchi, alikuwa kinyume changu. Chini ya kila mchoro aliandika "Siwezi", hata chini ya paa la karakana mpya alilolichora mwaka 1905, mistari safi, vipimo vyote mahali pake. Nilidhani anajidai mnyenyekevu. Siku hizi nadhani aliamini kabisa.

Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vilifika kwetu. Karakana iliteketea, kigoda changu nacho. Kajetani alimfuata baba yake vitani, hakurudi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane. Tulirudi saba, tumekondeana kwa njaa. Namlilia mpaka leo, na sijui nimlaumu nani kwanza. Kila nikidhani nimeshajua, kesho yake naanza upya.

Fundi alikuwa amekimbilia milimani na karatasi moja tu kifuani, ule mchoro wa Kajetani. Mwaka 1907 tuliusimamisha, mbao kwa mbao, bila kubadili kipimo hata kimoja. Ndilo paa lililo juu ya vichwa vyenu mnaposoma haya. Mchoro upo ofisini, na chini yake bado pameandikwa "Siwezi".

Basi nisaidieni. Aliyeweza alisema hawezi, na mimi niliyeangukia sakafuni nilisema naweza sana. Mtu aliyejipima vibaya hivyo atawapimaje watoto wa wenzake?

Juzi nilikwenda nyumbani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza nikubali au nikatae. Alifungua sanduku lake la pwani, akanitolea michoro yake ya kufundishia, yote ya tangu vita viishe. Chini ya kila mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na neno "Sijui".

"Kila asubuhi naandika hivyo, Edmund, halafu naingia darasani."

Bibi Lidwina akadakia kwamba ndiyo maana uji wake umepoa miaka yote hii.

Asante, Fundi, kwa subira yako, kwa misumeno mikali, na kwa karatasi moja uliyoiokoa. Ufike Madaba salama wewe na Bibi, mahindi yawaitike, uji unyweke ukiwa wa moto, na kila kiti utakachokalia kiwe na miguu minne. Tunakutakia mapumziko mema.

Na wewe, Bwana Mkuu, jibu langu ni kwamba Julai mosi nitaingia darasani. Hapa chini nimeandika ninavyojiona, kabla mtu yeyote hajautazama wasifu huu.

Sijui.

Edmund