Mama Jacqueline na Swichi za Buguruni

Marehemu Candida Tarsis Shirima alizaliwa tarehe 3 Machi 1959 huko Mkuu, Rombo, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tarsis. Hakuwa mpole. Atakayesimama leo kusema alikuwa mpole atakuwa anamzika mtu mwingine.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Mkuu mwaka 1973. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Rogath Shirima, wakahamia Kariakoo na kufungua duka la vifaa vya umeme. Rogath alipofariki mwaka 2009, marehemu aliendesha duka peke yake. Mteja aliyeulizia waya feki wa bei nafuu alionyeshwa mlango.

Jumapili baada ya misa, watoto walijazana dukani. Marehemu aliweka taa ya mezani juu ya kaunta, haijachomekwa, akawaonyesha kwa kidole: umeme unakuja kwa waya huu, unapita kwenye globu, unarudi kwa ule. Swichi kazi yake ni kukata njia ya kuja.

"Bibi, na mtu akiugusa?" aliuliza binti mmoja, Violeth.

"Unapita kwake. Ndiyo maana hugusi waya. Na mkono ukiwa na maji, hata swichi hugusi. Umeelewa, au nirudie?"

Alirudia hata walipoelewa.

Violeth aliishi Buguruni, kwenye vyumba vya kupanga vya Wilbert, mdogo wake Rogath. Mwaka 2022 marehemu alikwenda huko na testa yake ya kupimia umeme, akakuta swichi za vyumba vyote zimefungwa kwenye waya wa kurudi. Taa inazimika, lakini holda inayoshika globu bado ina umeme, na watoto ndio wanaopanda ndoo kubadilisha globu. Alimwita mwenye nyumba.

"Shemeji, taa si zinawaka?" Wilbert alisema.

"Hata nyumba inayoungua inawaka."

Wilbert alicheka. Huyu ni mtu aliyebandika vigae hadi ukuta wa nje, na hajawahi kusahau kupandisha kodi. Kumlipa fundi wa kutwa moja tu ndiko kulikomshinda.

Marehemu aliwakataza watoto: "Hapa kwenu msiiamini swichi. Globu ibadilishwe na mtu mzima, akishazima kule kwenye mita."

Mwaka 2024 aliugua figo, akatibiwa hospitalini Upanga. Wilbert alikuja kumwona na katoni ya juisi, akahakikisha wauguzi wote wameiona.

"Swichi?" marehemu alimuuliza.

"Upone kwanza, shemeji."

Hakupona. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025.

Ameacha watoto wawili, Jacqueline na Evelyn, mkwe wake Heriel, wajukuu wanne, na shemeji Wilbert, aliyeleta shada la maua kubwa hadi halipiti mlangoni.

Alimwachia Jacqueline agizo moja: Wilbert asitupe udongo kaburini kwake kama swichi zile hazijatengenezwa. Kabla ya programu hii ya mazishi kuchapwa, Jacqueline alikwenda Buguruni kupima. Holda bado zina umeme. Kwa hiyo udongo utatupwa na watoto, wajukuu, ndugu wa Mkuu na majirani wa Kariakoo. Shemeji Wilbert atasimama pembeni.

Mungu ampe Candida pumziko la amani, na awalinde watoto wa Buguruni usiku wa leo.