Mzee Hariri na Jemadari Aliyefuliwa

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Hariri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Hesabu alizipenda, lakini kuimba kwake, kwa ushahidi wa dada yake aliyepo hapa, kulikuwa adhabu kwa wengine.

Mwaka 1966 aliajiriwa na kiwanda cha nguo kama fundi wa mitambo ya kufumia, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2003. Mwaka 1971, ndani ya kitabu cha mitumba, alikuta picha ndogo ya jemadari mwenye masharubu. Haikuchorwa wala kupigwa chapa: ilikuwa imefumwa kwa nyuzi za hariri, miaka mingi kabla hajazaliwa. Hapo ndipo fundi aliponaswa. Vita hakuvipenda hata kidogo. Alichokistahi ni mkono uliofuma jicho zima kwa nyuzi sita. Alikusanya majemadari arobaini na mmoja, na wageni sebuleni walikunywa chai wakikodolewa macho na jeshi zima.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa mwalimu wa chekechea asiyevumilia uchafu. Siku moja mwaka 1989, mumewe akiwa zamuni kiwandani, mwalimu alimwona jemadari mmoja amefubaa. Akamtoa kwenye fremu, akamfua kwa sabuni ndani ya sufuria jikoni. Wekundu wa koti ukachuja hadi mashavuni. Alimkausha, akamrudisha ukutani, akanyamaza. Kila marehemu alipowaambia wageni, “Huyu alikuwa na afya njema,” akionyesha mashavu yale mekundu, mkewe alikumbuka ile sufuria. Siri hiyo aliibeba kama mzigo miaka thelathini na minne, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba mmoja wao angezikwa nayo.

Mwaka 2022 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika. Mei 2023 alilazwa, na daktari hakuificha familia kwamba siku ni chache. Asubuhi ya tarehe 30, mkewe alivuta kiti karibu na kitanda.

“Baba watoto, yule jemadari mwekundu nilimfua mimi.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu jioni ile ile. Mimi fundi wa nguo, nisijue kitambaa kilichopita kwenye sabuni?”

“Na ukanyamaza miaka yote hii?”

“Nilikuona unavyohangaika, nikaogopa nikisema utalia. Nisamehe, mama. Ningekutua mzigo huo mapema.”

Mkewe alilia hata hivyo, kisha wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Usiku ule mkewe alilala fofofo, jambo ambalo hakulijua kwa miezi mingi. Tarehe 3 Juni, saa moja asubuhi, marehemu alifariki usingizini, bila maumivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Apumzike kwa amani. Amani yetu sisi alituachia kabla hajaondoka.