Pigo la Mwisho la Bi. Mitsue Kurahashi

Ndugu waombolezaji, majirani na wanafunzi wa mkuki, mimi Chizuru, binti yake wa pekee, nawasomea kwa niaba ya familia maisha ya mama yetu, Mitsue Kurahashi, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1938 hapa hapa Tsuyama, nyuma ya ukumbi ambamo ukoo wetu hufundisha mapigano ya mkuki, katika nyumba ambayo hakuwahi kuihama.

Alimaliza shule ya kati Machi 1953, akapata nafasi ya kujifunza ushonaji mjini Kobe, na sanduku lilikuwa limeshafungwa kaka yake Teruhiko, mrithi wa mkuki, alipofariki kwa kifua kikuu. Babu Genzaburo, baba yake, akamtoboa mama kidole gumba kwa sindano, akamwapisha kwa damu kwamba hataiacha nyumba, na kwamba pigo la mwisho, ambalo kila mkuu wa ukoo humfundisha mrithi mmoja tu, atamfundisha mwanawe, naye aape vivyo hivyo. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Akalifungua sanduku, akarudisha nguo kabatini.

Tarehe 20 Oktoba 1961 aliolewa na baba, Yasuo, aliyechukua jina la ukoo wetu kama ilivyo desturi ya nyumba isiyo na mtoto wa kiume, na baba alipoomba ampeleke mkewe fungate kwenye chemchemi za maji moto za Beppu, babu alimjibu, "Maji ya moto hata jikoni yapo, mkwe wangu, kesho alfajiri nani atafundisha?" Hawakwenda. Mama akafundisha kuchoma na kukinga kwa mpini maisha yake yote, na kila treni ilipopiga honi alipoteza hesabu ya mapigo, wanafunzi wakasingizia uzee, naye hajafika hata thelathini.

Mimi nilizaliwa tarehe 9 Juni 1964, na nilipofika umri wa kiapo nilisubiri sindano kwa hofu, lakini mama alinifungia sanduku, akanisindikiza stesheni niende zangu.

Aprili 2019 aligundulika ana saratani ya kongosho. Bwana Isogai na wanafunzi wenzake walipiga magoti kando ya kitanda chake, wakamsihi anifundishe pigo lile kabla halijapotea, naye akasema, "Nimelisahau, jamani, akili imechoka." Tukamwamini. Jana muuguzi wake, Bi. Hatano, ametuambia kwamba tulipotoka chumbani mikono ya mama ilishika mpini usiokuwepo, ikachoma, ikarudi, taratibu, bila kusita. Hakusahau. Alilificha ili mimi nisiapishwe. Alifariki tarehe 11 Novemba, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, Bi. Hatano, majirani mliotupikia, nawe Bwana Isogai pamoja na wenzako, najua mmeumia kwa kulipoteza pigo lile, na bado mmelibeba jeneza lake.

Mama, kesho alfajiri hakuna anayekungoja ukumbini. Lala mpaka utosheke, upumzike kwa amani.