Yadi 9,997 za Ozell Tyrus Gathright

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Lavonia, na kusomwa naye katika Kanisa la Baptisti la Mlima Pisga, Harlan Ferry, Mississippi, Jumamosi, tarehe 12 Februari 2022.

Marehemu Ozell Tyrus Gathright alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Harlan Ferry, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Tobe na marehemu Verlene Gathright. Walizaliwa wawili tu, yeye na mwandishi wa maneno haya. Baba alilisha magogo kwenye msumeno wa kiwanda kwa miaka thelathini na moja, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule iliyokuwa ya kanisa hili, kisha akaenda sekondari ya wilaya, na huko ndiko alikoanza kucheza futiboli, ile ya kukimbia na mpira mkononi. Kila Ijumaa baada ya mchezo, majirani walimsimulia baba jinsi kijana wake alivyokimbia. Baba aliwasikiliza, wakiondoka akamwita Ozell.

"Uliangushwa mara ngapi?"

"Kumi na tisa, baba."

"Na mara ngapi ulichelewa kuinuka?"

"Hata moja."

"Haya, kula."

Mwaka 1969 alipata ufadhili wa chuo huko Alabama, akahitimu ualimu wa useremala mwaka 1974.

Mwaka huohuo alichukuliwa na timu ya kulipwa ya Toledo, akaichezea misimu kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira na kukimbia nao mbele mpaka aangushwe. Kila yadi aliyosogea iliandikwa, na kila alipoangushwa nyuma ya pale walipoanzia, yadi alizopoteza zilikatwa. Ni wachache sana wanaofikisha elfu kumi. Wengi mliomo humu mnayajua haya. Yameandikwa kwa ajili ya wajukuu.

Jumapili, tarehe 9 Desemba 1984, huko Toledo, Ozell alifikisha yadi 10,001. Mchezo ulisimamishwa. Mpira ule uliandikwa 10,000 palepale, akapewa, akapanda nao hadi jukwaani na kumkabidhi mama, aliyekuwa amesafiri kwa basi kutoka hapa akiwa na kuku wa kukaanga kwenye mkoba. Watu walipiga makofi kwa dakika nne. Mchezo ukaendelea, akapewa mpira mara moja tena, akaangushwa yadi nne nyuma, na goti lake la kulia likageuka vibaya. Alitolewa uwanjani akiwa na yadi 9,997.

Daktari alisema goti hilo halingeweza kucheza msimu mwingine. Ulikuwa umebaki mchezo mmoja, dhidi ya Omaha, Jumapili iliyofuata. Kocha Kessler alimtembelea nyumbani.

"Ozell, ni yadi tatu. Mimi mwenyewe, na tumbo hili, nikianguka mbele nafika."

Ijumaa akapiga simu Dwight Sorrells, aliyesoma naye chuoni na ambaye sasa alikuwa nahodha wa walinzi wa Omaha.

"Ndugu yangu, Jumapili pita upande wangu. Nitateleza. Nyasi zitakuwa na unyevu."

"Uwanja wetu una zulia la plastiki, Dwight."

"Basi nitajikwaa kwenye zulia! Kwani lazima unisumbue?"

Walicheka sana. Ozell hakujibu ndiyo wala hapana.

Siku ya mchezo goti lilifungwa bendeji, akavaa jezi. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Toledo ikiongoza kwa pointi kumi na saba, kocha alimwita. Uwanja mzima ulikuwa ukiimba, "Tatu! Tatu!" Ozell akaingia akichechemea, akachukua nafasi yake, akatazama mbele. Walinzi wa Omaha walikuwa wamesogea pembeni. Mmoja alimkonyeza. Kabla mpira haujarushwa, Ozell aligeuka akarudi kwenye benchi na kuvua kofia yake ngumu.

"Unafanya nini?" kocha alimuuliza.

"Wananipa."

"Si uchukue!"

"Nikizichukua zitakuwa zao, kocha."

Akaketi. Akaingizwa mwingine. Baadhi ya watazamaji walimzomea, nao walikuwa walewale waliompigia makofi wiki moja kabla. Hakucheza tena.

Krismasi ya mwaka huo alikuja nyumbani kumwomba mama ule mpira aurudishe Toledo, kwa kuwa ulikuwa umeandikwa 10,000 kwa rangi nyeupe.

"Mama, huo mpira umeandikwa uongo."

"Uongo gani? Mimi nilikuwepo. Ulifika, nilikuona kwa macho haya. Kama baadaye ulirudi nyuma, hayo ni yako na miguu yako. Mpira nimepewa mimi."

Aliuweka juu ya televisheni hadi alipofariki mwaka 2003. Sasa uko kwa mwandishi, ambaye bado hajajua aupeleke wapi.

Kuanzia mwaka 1985 hadi 2013 marehemu alifundisha useremala katika sekondari ya wilaya. Mabenchi mliyokalia leo, safu nne za mbele, ni kazi ya wanafunzi wake.

Alifunga ndoa na Earnestine Crowell tarehe 2 Julai 1977 katika kanisa hili, nao wakajaliwa mabinti wawili, Renita na Odessa. Ilikuwa ndoa nzuri, ingawa haikukosa kelele. Kelele kubwa zaidi ilikuwa ya mwaka 1996, mji ulipoweka kibao kwenye barabara kuu: Nyumbani kwa Ozell Gathright, Yadi 10,000. Marehemu hakuhudhuria uzinduzi. Aliandika barua nne kwa halmashauri akiomba kibao kirekebishwe. Meya wa wakati huo alimfuata karakanani.

"Ozell, mtu anapita pale kwa kasi ya maili hamsini. Nani atasoma tisa, tisa, tisa, saba?"

"Atakayesoma."

Halmashauri haikurekebisha kibao. Ilikiondoa, na watu wengi walisema Ozell ana maringo. Kwa miezi kadhaa kulikuwa na waliovuka barabara wasimsalimie. Mkewe alikasirika kuliko wote.

"Umegombana na mji mzima kwa hatua tatu za kuku!" alimwambia, mbele ya mwandishi, kambare wakiungua jikoni. "Kwenda mbele hukutaka. Kupewa hukutaka. Sasa hata kusifiwa hutaki?"

"Kusifiwa nataka," alisema. "Wasifie nilichofanya."

Earnestine alitoka nje, akakaa kwenye gari mpaka giza likaingia. Hawakulizungumzia tena jambo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 2016 marehemu alianza kupoteza kumbukumbu. Madaktari walisema ni kwa sababu ya kugongwa kichwa mara nyingi uwanjani. Alisahau karakana, akasahau jina la barabara yake, na mwaka 2019 akaanza kuwaambia wageni kwamba alifikisha elfu kumi. Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu aliyetoka uwanjani sasa hivi. Wageni waliitikia. Mwandishi naye aliitikia. Earnestine peke yake ndiye aliyekataa.

"Elfu tisa mia tisa tisini na saba, Ozell."

"Kweli? Nani alinizuia?"

"Wewe mwenyewe. Walikufungulia njia, ukarudi kukaa."

Ozell alifikiri. "Mbona nilifanya vile?"

"Ulisema zingekuwa zao."

"Ehee," alisema, akatulia. Wakati mwingine alicheka. Mara mbili alilia.

Siku moja alipolia, mwandishi alimvuta Earnestine hadi barazani. "Wifi, mwache. Kumkubalia kunakugharimu nini?"

"Na akili zikimrudia?" alijibu. "Hata dakika moja tu, anitazame, ajue nilikuwa namdanganya. Nitamwambia nini?"

Aliendelea hivyo kila siku, kwa karibu miaka mitatu.

Marehemu alipatwa na nimonia mwishoni mwa Januari, akafariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka sabini. Akili hazikumrudia. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Earnestine, mabinti wawili, Renita na Odessa, wajukuu watano, mdogo wake, Lavonia, na rafiki yake, Dwight Sorrells, aliyeendesha gari kutoka Omaha na ambaye yupo kati ya wabeba jeneza.

Baada ya wasifu huu watazungumza Mchungaji, mwakilishi wa Toledo na mheshimiwa Meya. Mjane anawaomba wote waitaje idadi kama ilivyo.

Mungu ampumzishe Ozell, pamoja na lile goti lake.