Siku Niliyomnyang'anya Kalala Neno

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na mtu aliyemwonea wivu jirani yake kwa namna alivyokohoa!

Ndiyo, kukohoa. Miaka ile ya Zaire, jirani yangu Kalala, fundi umeme hapa Kolwezi, alikuwa akisimama kusema, anafunga kifungo cha juu cha abakosti yake, ile suti ya wakati huo isiyovaliwa na tai, anakohoa kidogo, na watu wote wananyamaza. Mimi msomi wa chuo kikuu nikisimama, watu wanatafuta viatu vyao. Wivu ulinila! Nikashona abakosti ya rangi ileile. Nikajifunza kukohoa mbele ya kioo, hadi mke wangu akanichemshia majani ya mkaratusi.

Kisha binti yetu Mbuyi akapata mchumba. Mnajua desturi: siku ya mahari baba wa binti hukaa kimya, msemaji ndiye anayesema. Mke wangu akamchagua nani? Kalala! Chakula kikanishinda.

Wageni wa upande wa mchumba wakafika kutoka Lubudi. Kalala akainuka, akakohoa. Nilipoona wanavyomtazama, moyo ukawaka moto. Nikaruka juu! "Mi njo baba! Nitasema mi mwenyewe!"

Mjomba wa kijana akachukua kofia yake. "Tata, hapa ni nyumba ao ni soko? Mutoto unamuuzisha weye mwenyewe?" Wenzake wakaanza kuinuka. Mlangoni mwa jikoni Mbuyi alikuwa akilia.

Moyoni nikaita, "Yesu, nikalishe!" Magoti yakatii kabla yangu, nikajikuta kitini.

Kalala akacheka. "Batata, mutusamehe. Huyu anapenda mutoto wake mpaka anasahau desturi. Mbuyi alikuwaka na surua, njo yeye alimubeba ku mugongo mpaka ku hopitali, mvula inanyesha. Mutu wa namna hii, munamukimbia?"

Mjomba akaketi.

Ndugu zangu, sauti ile niliyoichukia ndiyo iliyoifunika aibu yangu! Nikabaki kimya, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza watu wananionaje. Amani iliyoje! Mbuyi akaolewa. Asante, Yesu!

Nawe unayemtazama mwenzako huku wivu ukikula, mwamini Bwana. Anaweza kukukalisha chini mbele ya wakwe zako, na utakapoinuka utakuwa mzima.